Cheti cha Ndoa Kwanza, Ndipo Nyumba

Mulago, jijini Kampala, ni mahali pa watu wengi waliotoka mbali. Hospitali kuu ya rufaa iliyo juu ya kilima, pamoja na Chuo Kikuu cha Makerere ng'ambo ya pili ya bonde la Katanga, huvuta wanafunzi, wauguzi, wagonjwa na wafanyabiashara kutoka Kongo, Sudan Kusini, Kenya, Tanzania na kwingineko. Watu hao hukutana, hupendana na kuoana. Sherehe ikiisha, maswali mawili hubisha hodi: mwenzi mgeni ataishi Uganda kwa haki gani, na nyumba itaandikwa kwa jina la nani? Wengi hulipeleka la kwanza kwa uhamiaji na la pili kwa dalali, kila moja kwa wakati wake. Kumbe yote mawili yanategemea karatasi moja, nayo ni cheti cha ndoa kilichosajiliwa.

Tuseme muuguzi wa Mulago, raia wa Uganda, ameolewa na bwana kutoka Mwanza, Tanzania. Kwanjula, yaani sherehe ya kimila ya utambulisho, imefanyika nyumbani kwao Masaka, mahari imepokelewa, picha zimejaa simu. Kwa wazee wa pande zote mbili, hao ni mke na mume. Ofisini, bado hawajathibitisha. Sheria ya Uganda inaitambua ndoa ya kimila, ila inawataka wanandoa waende kuisajili ndani ya miezi 6 tangu sherehe kukamilika. Ndoa ya kanisani na nikahi ya msikitini nazo lazima taarifa zake ziifikie Ofisi ya Usajili ya Uganda, URSB. Nenda ukahakikishe zimefika. Usiridhike na neno la mchungaji au shehe kwamba "tutapeleka". Waliofunga ndoa nje ya nchi walete cheti halisi kilichothibitishwa na mamlaka za huko, pamoja na tafsiri rasmi ikiwa hakiko kwa Kiingereza. Na walioishi pamoja bila kufunga ndoa, hata kwa miaka 10 na watoto watatu, mbele ya sheria si wanandoa.

Cheti kikiwa mkononi, ndipo uhamiaji. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kama bwana wetu wa Mwanza, haombi viza. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa mgeni wa aina hiyo pasi ya kuingia na kukaa hadi miezi 6. Anayetoka nje ya Jumuiya kwa kawaida huomba viza kwa mtandao kabla ya safari, na hufika Entebbe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hapa ndipo wengi hukosea. Viza ya utalii na pasi ya mgeni ni za matembezi. Anayekuja kuishi na mwenzi wake anapaswa kwenda Idara ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, kuomba pasi ya mtegemezi au hati ya ukaazi, tena mapema, siku zake zikiwa bado zipo. Pasi ya mtegemezi haimruhusu kuajiriwa. Kazi ina kibali chake. Uganda, Kenya na Rwanda zimeondoleana ada za vibali vya kazi, lakini kibali chenyewe bado kinaombwa.

Ombi la ukaazi husindikizwa na pasipoti, cheti cha ndoa, kitambulisho cha taifa cha mwenzi raia, na kwa kawaida barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wa mahali mnapoishi. Barua hiyo ndiyo inayounganisha uhamiaji na nyumba. Mwenyekiti hawezi kumwandikia mtu asiyemjua. Kwa hiyo wiki ya kwanza tu, mpeleke mwenzi wako kwa LC1, ajulikane kwa jina na kwa sura.

Wengi huanza na muzigo, yaani chumba kimoja au viwili katika safu moja ndefu, pazia likitenga kitanda na sebule, choo na bomba vikitumiwa na wapangaji wote. Kabla ya kulipa, itazame mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, uone inahudumia milango mingapi, maana hapo ndipo ugomvi wa umeme huanzia. Angalia pia kimo cha sakafu. Nyumba za bondeni, kuelekea mtaro wa Nsooba na Kalerwe, huingia maji mvua ikishiba, na pasipoti iliyolowa ni balaa jingine. Chini ya Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya 2022, makubaliano ya pango yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi hayana nguvu yasipoandikwa, na kodi haipandishwi zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Hata kodi ikiwa ndogo, andikisheni, na majina yenu yote mawili yawemo. Karatasi hiyo inaonyesha kwamba mna makazi, na kwamba mnaishi pamoja.

Ugumu huja mnapotaka kununua. Katiba ya 1995 inasema ardhi ya Uganda ni mali ya raia wa Uganda. Asiye raia anaweza kupata ardhi kwa lizi peke yake, yaani kwa kukodi, kwa muda usiozidi miaka 99. Mailo, mfumo wa umiliki wa ardhi uliozaliwa na Mkataba wa Buganda wa 1900, hawezi kuimiliki, wala frihodi, yaani umiliki wa kudumu. Mtanzania na Mkenya wamo humo humo, kwa sababu Itifaki ya Soko la Pamoja iliacha suala la ardhi mikononi mwa sheria za kila nchi. Kufungua kampuni hakusaidii, kwani kampuni inayotawaliwa na wageni huhesabiwa kuwa mgeni.

Sehemu kubwa ya Kampala ni mailo, na kinachouzwa mitaani mara nyingi ni kibanja, yaani haki ya mkaaji juu ya ardhi yenye hati ya mtu mwingine. Muhuri wa LC kwenye mkataba haukifanyi kibanja kuwa hati miliki. Tena sheria inamtaka anayeuza kibanja ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Mwenzi mgeni akitoa akiba yake yote kwa kibanja kilichouzwa bila mwenye ardhi kujua, amenunua kesi.

Basi jina kwenye hati huwa la mwenzi raia. Hapo mgeni huogopa: nikifukuzwa je? Akifa je? Sheria haijamwacha mikono mitupu. Tangu marekebisho ya mwaka 2004 ya Sheria ya Ardhi, mume au mke ana haki ya kuishi kwenye ardhi ya familia, na ardhi hiyo haiuzwi wala haiwekwi rehani bila idhini yake. Anaweza hata kuweka zuio, lile ambalo mawakili huliita kaveti, kwenye sajili ya ardhi. Sheria ya Urithi, iliyorekebishwa 2022, inamtengea mjane au mgane asilimia 20 ya mali ya marehemu asiyeacha wosia, ambaye pia ameacha watoto, ndugu wategemezi na mrithi wa kimila. Na nyumba kuu ya makazi haiingizwi katika mgawo huo. Lakini haki zote hizi ni za mume au mke. Asiye na cheti ataanza kwa kubishana na shemeji zake kama aliolewa kweli, tena akiwa matangani.

Kwa watoto hakuna shaka: aliye na mzazi raia wa kuzaliwa naye ni raia wa kuzaliwa, awe amezaliwa Mulago au Mwanza. Mwenzi mwenyewe ana mlango wa uraia. Katiba inampa aliyeoana na raia wa Uganda, awe mwanamke au mwanamume, haki ya kusajiliwa kwa kuthibitisha ndoa halali inayoendelea kwa miaka 3 au muda mwingine utakaowekwa na Bunge; ulizeni unaotumika sasa. Kenya inataka miaka 7. Tanzania, kwa sheria yake ya 1995, imemfungulia mke mgeni njia ambayo mume mgeni hakupewa. Kwa hiyo mume wa muuguzi wetu ana haki Uganda ambayo mume mgeni wa mwanamke wa Mwanza hana Tanzania. Ni haki ya thamani, na inasikitisha kuiona ikikaa bure kwa kukosa usajili.

Miaka ya ndoa inayotakiwa kwa uraia huhesabiwa juu ya ndoa inayoweza kuthibitishwa. Kama kwanjula yenu ilikwisha na cheti hakipo, acheni kwanza habari za kiwanja na tofali. Nendeni kwa msajili na mashahidi wenu, hata kama miezi 6 imepita, mkaeleze na kuuliza utaratibu. Kisha LC1 na mkataba wa pango, kisha uhamiaji, na ardhi mwisho, mkiwa na wakili na majibu ya upekuzi wa hati mikononi.