Sura ya 7: Fungate Kando ya Ziwa

Mtu wa Migato, huku Usukumani, hahitaji kamusi ili alielewe neno fungate. Saba kwa Kisukuma ni mpungati, na fungate ni ndugu yake: jina la kale la Kibantu lililobaki kwenye arusi baada ya saba ya Kiarabu kushika hesabu nyingine zote.

Huko pwani zilikuwa siku saba kweli. Bwana arusi aliingia kwa kina bibi arusi, mlango ukafungwa, chakula kikapikwa na wengine. Somo alikuwa karibu, kuhudumia na kuelekeza. Hakuna aliyesafiri. Nataka msomaji alishike hilo kabla hatujafika kwenye safari, kwani kiini cha fungate ni wawili kupumzishwa kazi na kuachiwa muda wao. Bahari ilikuja kuongezwa baadaye.

Leo maharusi wengi wa bara wakiwaza ufukwe huwaza Zanzibar. Ni kuzuri, sikatai. Lakini kwa aliyeolewa Itilima au Bariadi, ufukwe uko jirani. Kutoka Bariadi mjini, lami ya kilomita takriban 72 inakushusha Lamadi, wilayani Busega, kwenye Ghuba ya Speke. Hapo Ziwa Victoria na Hifadhi ya Serengeti vinakaribiana kuliko mahali pengine popote, na lango la Ndabaka liko kandokando ya barabara kuu iendayo Musoma.

Cha kutafuta ni banda la wawili, la msonge, lililoezekwa nyasi na kusimama peke yake. Nyasi nene hushika hewa katikati ya mashina yake, na hewa hiyo huzuia joto la jua lisipenye. Joto la ndani nalo hupanda kwenye kilele na kuwaachia ubaridi walio chini. Kuna faida nyingine ambayo aliyekulia chini ya bati anaijua vizuri. Mvua ikipiga bati, mume na mke inabidi wapaze sauti. Chini ya nyasi mnasikilizana hata mkinong'ona.

Angalia pia madirisha. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku nchi hupoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Banda lenye dirisha mbele na jingine nyuma hupata hewa saa zote. Pepo hizo za usiku, zikitoka pande zote za ziwa na kukutana katikati, huinua mawingu ya mvua. Ndiyo maana mnaweza kukaa barazani chini ya nyota huku radi zikimulika mbali majini.

Kuhusu msimu, pamba imeshaamua. Mavuno ya Simiyu huanza mwishoni mwa masika, fedha ikaingia, na arusi zikafuata. Ni kipindi cha kiangazi, barabara zinapitika, na mnamo Juni makundi ya nyumbu huwa katika ukanda wa magharibi wa Serengeti. Siku moja kati ya saba itumieni huko. Sita zilizobaki kaeni tu: sato wa kuchoma, ugali, michembe mliyotoka nayo nyumbani, na usingizi wa mchana.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: msiogelee ukingoni. Konokono wanaoishi kwenye majani ya maji hubeba vimelea vya kichocho, navyo hutoka kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, saa zile zile maji yanapovutia. Mahali penye matete kuna mamba na viboko pia. Ulizeni maji ya kuogea yanatoka wapi. Ya kisima ni salama kwa hili, na ya ziwani yawe yamekaa kwenye tangi lililofunikwa siku mbili, kwani vimelea hivyo havidumu bila kupata mwili wa kuingia. Kama mmeshakanyaga maji, nendeni zahanati mkaeleze, dawa ipo.

Tarehe nazo zina siri yake. Watu husifu mbalamwezi, nami kwa ziwa hili nashauri kinyume. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za sola, na taa haiwavuti dagaa mwezi unapong'aa. Kwa hiyo hutoka usiku wa giza. Mkiwa barazani mtaona taa ya kwanza, kisha ya tano, kisha upeo wote wa maji unawaka kama mji ambao mchana haukuwapo, na sauti za wavuvi zinawafikia juu ya maji. Alfajiri mji huo unarudi ufukweni, na dagaa wanaanikwa.

Kabla ya kulipia banda, waulizeni wenyeji giza linaanza lini.