Askari na Gari Lake Kuukuu: Petroli Hupimwa kwa Lita, Si kwa Noti

Mwisho wa mwezi, katika vituo vya petroli vya mjini Kasese, mazungumzo huwa ni yale yale. Gari dogo la zamani, Toyota Starlet au Corolla, husimama mbele ya pampu. Ndani yake yumo askari aliyepata ruhusa ya siku mbili, naye anakwenda kuwaona watu wake Bwera. "Jambo afande, nitie ngapi?" "Tia ya elfu ishirini, kijana." Noti hutolewa, gari likaondoka. Ukimwuliza mwenye gari amenunua lita ngapi, hajui. Ukimwuliza lita moja humfikisha wapi, hucheka. Sisi twaona kuwa hasara yake huanzia hapo.

Uganda haina pwani. Petroli yetu nyingi hupita bandari ya Mombasa, na mpaka ifike chini ya Rwenzori imekwisha safiri yapata kilometa 1,500. Kila mtikisiko wa njiani hutufikia. Mwaka 1973 vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani karibu mara nne kwa miezi michache. Julai 1976, uhusiano wetu na Kenya ulipoharibika baada ya tukio la Entebbe, petroli ilizuiwa njiani. Januari 2008 fujo zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliziba barabara na reli. Januari 2022 malori yalikwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa upimaji wa UVIKO, na katika baadhi ya miji yetu lita moja ikafikia shilingi 10,000. Bei hiyo askari hawezi kuiamuru. Awezacho kuamuru ni gari lake.

Basi na tufanye hesabu. Jaza tangi mpaka juu, andika namba ya kilometa, kisha utembee kama kawaida yako. Ukirudi pampuni jaza tena mpaka juu, uhesabu lita zilizoingia, na ugawe kilometa ulizokwenda kwa lita hizo. Kwenda Bwera na kurudi Kasese ni zaidi kidogo ya kilometa 100. Tuseme ni 100. Gari likienda kilometa 10 kwa lita, litakunywa lita 10. Likienda kilometa 12 na nusu, litakunywa lita 8. Kwa mfano bei ikiwa shilingi 5,000, tofauti ni shilingi 10,000 kwa safari moja. Safari nne kwa mwezi ni 40,000. Kwa mwaka ni 480,000. Hizo ni sare, vitabu na viatu vya mtoto, zilizotoka kwa moshi.

Tangu 2018 sheria imekataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15, lakini yaliyokwisha kuingia yangali barabarani, na uzee pekee si kosa. Makosa ni madogo na yanatibika. Katika gari la kabureta, chujio la hewa lililojaa vumbi huinyima injini pumzi, nayo hudai petroli zaidi. Plagi yenye masizi meusi makavu huonyesha kuwa petroli inazidi hewa. Tairi lisilo na upepo wa kutosha huburura gari. Mwisho wa safari pitisha mkono karibu na kila gurudumu, bila kuligusa: likiwapo moja lenye joto kuliko mengine, huenda breki yake haiachii, nawe umekuwa ukikanyaga petroli na breki kwa wakati mmoja.

Halafu kuna mwendo. Kutoka Kasese hadi Kikorongo, na kutoka hapo kupita upande wa Katwe, barabara hukata tambarare za Hifadhi ya Queen Elizabeth, na mguu hushawishika. Mwendo ukipanda kutoka kilometa 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ya hewa inayolizuia gari huongezeka kwa zaidi ya nusu. Na katika hifadhi tembo hapigi honi kabla ya kuvuka. Mwendo wa wastani huokoa petroli, na huokoa pia dereva.

Lakini uko ubahili unaoua. Tumewaona madereva wakishuka kutoka Kilembe wameweka gia huru, wengine wamezima injini kabisa, wakidhani wamepata kilometa za bure. Injini ikizimwa, breki hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache, na usukani waweza kujifunga. Na kwa magari yasiyo na kabureta, faida yenyewe si ya kweli: ukishuka ndani ya gia bila kukanyaga petroli, injini hukatiwa petroli karibu yote, ilhali katika gia huru huendelea kunywa ili isizimike. Anayeshuka ndani ya gia ana breki na ana akiba.

Vivyo hivyo kwa petroli ya chupa iuzwayo kando ya barabara. Ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, injini hugonga na kudhoofika, na fundi atadai zaidi ya ulichookoa. Kuweka dumu la petroli ndani ya gari kwenye jua la Kasese ni kubeba moto usiowashwa bado.

Neno la mwisho ni zito kidogo. Dhiki ya petroli ndiyo humfanya mtu mwema aanze kutazama tangi la gari la kazi. Lita moja ikihamishwa usiku kutoka gari la doria, kesho yake mwananchi anayeita msaada ataambiwa gari halina mafuta. Ndugu askari, anayejua lita zake halazimiki kufika huko. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Weka daftari dogo na kalamu ndani ya gari lako, na utakapofika tena pampuni, taja lita kabla ya kutaja noti.