Tausi na Mwenye Kuringa

Mtu apitaye njiani ametunisha kifua, huku akitazama pembeni apate kujua kama anatazamwa, Waswahili husema kwamba aringa, ajivuna au ajishaua. Katika maneno hayo hamna jina la mnyama ye yote. Lakini katika lugha nyingine ndege mmoja ndiye aliyebebeshwa lawama hiyo, hata jina lake likageuzwa kuwa kitenzi. Ndege huyo ni tausi.

Wataliana humwita tausi pavone, na kuringa ni pavoneggiarsi. Waspania husema pavonearse, na Wareno pavonear-se. Waingereza nao wamefanya vivyo hivyo kwa jina lao, peacock. Waarabu, ambao kwao Waswahili walipata jina la tausi, wana kitenzi tatawwasa, maana yake kujipamba, nacho hutumiwa hasa kwa mwanamke.

Wareno walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 waliwaachia Waswahili maneno kama meza, leso na gereza, lakini kitenzi chao cha tausi hawakukiacha. Mswahili husema tu kwamba fulani aringa kama tausi. Tena jina lenyewe hulitumia kwa sifa, maana mpenzi mzuri huitwa tausi, naye hufurahi.

Je, tausi astahili lawama? Asili yake ni Bara Hindi. Manyoya yale marefu ya dume, yapitayo urefu wa meta moja, si mkia hasa, bali huota mgongoni juu ya mkia, na mkia wenyewe ni mfupi, nao huyategemeza yanaposimamishwa. Dume huyatandaza mbele ya majike ili achaguliwe. Majira ya kupandana yakiisha manyoya humwanguka, kisha mengine humwota. Basi aonyeshacho tausi ni mali yake mwenyewe, wala hakumkopa mtu.

Mshairi wa Kirumi Phaedrus, aliyeishi zaidi ya miaka 1,900 iliyopita, alisimulia habari za ndege wa jamii ya kunguru aliyeokota manyoya ya tausi yaliyoanguka, akajipamba nayo, akawadharau wenziwe. Tausi walipomtambua walimnyang'anya manyoya hayo na kumfukuza kwa midomo yao. Aliporudi kwa wenziwe, nao wakamkataa.

Hapo ndipo lilipo kosa. Karani avaaye suti ya deni, au mkulima akopaye kwa mavuno yasiyokomaa bado ili arusi yake ishinde ya jirani, hali karo ya watoto haijalipwa, hafanani na tausi hata kidogo. Huyo ni kunguru wa hadithi, na siku ya kudaiwa hubaki bila manyoya wala rafiki. Wazee walikwisha kusema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.