Hati ya Faranga 25 Iliyowapeleka Watu Kitanzini

Mwanzoni mwa mwaka 1852, polisi wa Austria walipekua nyumba ya mtoza kodi mmoja huko Castiglione delle Stiviere, karibu na Mantova, wakitafuta noti bandia. Wakakutana na hati ya mkopo ya faranga 25.

Mkopo huo ulianzishwa London mwaka 1850 na mwanamapinduzi wa Italia Giuseppe Mazzini na wenzake, ili zipatikane lira milioni 10 za kuikomboa na kuiunganisha Italia. Hati zake, za faranga 25 na 100, ziliuzwa kwa siri. Msako ukafika kwa padri Enrico Tazzoli, aliyekuwa na daftari la hesabu lililoandikwa kwa mafumbo. Ufunguo wake ulikuwa sala ya Baba Yetu kwa Kilatini. Polisi waliyafumbua. Tarehe 7 Desemba 1852, Tazzoli na wengine wanne walinyongwa Belfiore, nje kidogo ya Mantova.

Leo hati za mkopo huo hutafutwa na wakusanyaji wa hati fungani za kale, na mtu huzihifadhi bila kumwogopa askari yeyote.

Anayeanza kukusanya huenda akaulizia hati za kale zaidi, za Venice, iliyounganisha madeni yake tangu 1262 na kuwalipa wananchi riba ya asilimia 5, au za Benki ya San Giorgio ya Genoa, iliyoanza 1407. Atasubiri sana. Deni la zama hizo lilikuwa mstari ndani ya daftari la serikali, na madaftari yenyewe yamo kwenye hifadhi za nyaraka za taifa.

Hati zenye nakshi na kuponi zilienea hasa karne ya 19. Kila riba ilipoiva, mwenye hati alikata kuponi kwa mkasi akaenda kulipwa. Ndiyo maana mnunuzi makini huhesabu kwanza kuponi zilizobaki. Miongoni mwa dola za Italia zilizokopa karne hiyo, Ufalme wa Sardinia ulikopa pauni milioni 3.6 kupitia benki ya Hambro ya London mwaka 1851. Napoli ilikopa kwa familia ya mabenki ya Rothschild kuanzia 1821, kwa sehemu ili kuligharamia jeshi la Austria lililokuwa limeikalia.

Italia ilipoungana mwaka 1861, ufalme mpya uliyakubali madeni ya dola za zamani na kuyaingiza katika Daftari Kuu moja la deni la taifa. Hati nyingi zilirudishwa, zikabadilishwa na kufutwa, hivyo zilizosalia ni chache. Waliomkopesha mfalme wa Napoli wakaendelea kupokea riba kutoka kwa serikali iliyompindua.