Mtoto Mwenye Ulimi wa Buluu

Sisi tukaao Endarasha, chini ya milima ya Nyandarua, twajua kwamba baridi ya alfajiri huigeuza rangi hata midomo ya mtoto mwenye afya. Kwa hiyo mzazi amwonapo mwanawe amekuwa buluu, humwongezea blanketi, akaridhika. Mara nyingi hakosei. Lakini wako watoto ambao buluu yao yatokana na moyo ulioumbika na kasoro tumboni mwa mama.

Kuzipambanua hali hizi mbili si kazi ngumu. Mtazame mtoto ulimi na ufizi mchana, akiisha kupata joto. Buluu ya baridi hukaa mikononi, miguuni na kandokando ya midomo, nayo huondoka akiota moto. Buluu ya moyo imo ulimini, wala moto hauiondoi. Mtoto huyo huchoka anyonyapo. Akisha kujua kutembea, huchuchumaa ghafula apate nafuu. Na ncha za vidole vyake hunenepa. Huu si uchawi wala laana ya ukoo.

Namna moja ijulikanayo sana ilielezwa na daktari Fallot wa Marseille, mwaka 1888. Ukuta ulio kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo una tundu, na njia ya damu iendayo mapafuni ni nyembamba. Basi damu isiyopata hewa safi huzunguka mwilini pamoja na ile iliyoipata.

Tarehe 29 Novemba, 1944, huko Baltimore, Marekani, Dakta Alfred Blalock aliunganisha mshipa uendao mkononi na mshipa wa mapafu wa mtoto mdogo. Wazo lilikuwa la Dakta Helen Taussig. Nyuma ya Blalock alisimama Vivien Thomas, Mwamerika mweusi asiye na shahada, akimwelekeza, maana ndiye aliyekwisha kuijaribu kazi hiyo kwa mbwa. Mwaka 1954, huko Minneapolis, Dakta Lillehei aliufungua moyo wenyewe na kuitengeneza kasoro.

Leo mioyo ya watoto hupasuliwa Nairobi, katika Hospitali ya Kenyatta na ya Mater. Mzazi mwenye shaka na aanzie kituo cha afya, aombe mtoto apimwe kwa kile chombo kidogo cha kubana kidole, kisha apelekwe Nyeri au Nairobi kupigwa picha ya moyo. Akigeuka buluu ghafula na kuhema, mkunje magoti yafike kifuani, umkimbize hospitali. Asingojewe akue kwanza, kwani kuchelewa ndiko kunakoua.