Tarumbeta Lililotoka Kambini: Safari ya Muziki wa Dansi Nchini Uganda

Kila tarehe 9 Oktoba, taifa linapoadhimisha Uhuru wake, bendi za askari wetu hupita mbele ya wananchi kwa hatua moja. Watoto husimama kwa ncha za vidole ili waione ngoma kubwa, na wazee hutikisa vichwa kwa kuridhika. Gwaride likiisha, tarumbeta hufutwa, hutiwa katika mfuko wake na kurudishwa ghalani. Wengi wetu hudhani kwamba kazi yake imekwisha mpaka sikukuu ijayo.

Ndugu msomaji, sivyo. Muziki wa dansi unaousikia leo katika redio, katika harusi na katika kota za askari ulipita kambini kabla haujafika sebuleni. Na Kiswahili, ambacho wengi nchini mwetu walikijua kwanza kuwa lugha ya amri, kilipita njia hiyo hiyo. Makala haya yanakusudia kuifuata safari hiyo, ili familia zetu zijue ni nani waliotuachia urithi huu, na kwa nini tusiupoteze.

Ngoma ya beni

Katika miaka ya 1890, vijana wa pwani ya Kenya, hasa wa Lamu na Mombasa, walianza kucheza ngoma mpya iliyoitwa beni. Jina lenyewe latokana na neno bendi. Vijana hao walikuwa wameziona bendi za wamisheni na za Sultani wa Unguja. Wakavaa mavazi ya kiaskari, wakapeana vyeo vya ujenerali na ukapteni, wakaandamana mitaani kwa ngoma na matarumbeta. Vikundi vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa mashairi ya Kiswahili.

Vita Kuu ya Kwanza, ya mwaka 1914 hadi 1918, ndiyo iliyoieneza beni bara. Askari wa jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, pamoja na wapagazi wengi waliobeba mizigo ya vita, waliijua ngoma hiyo kambini. Vita vilipokwisha, aliyesalimika alirudi nayo kwao. Hivyo Mwafrika alikitwaa chombo cha mkoloni, akakigeuza kuwa chombo cha furaha yake, na pengine cha kumkejeli mkoloni mwenyewe.

Vita Kuu ya Pili ilirudia jambo hilo kwa namna nyingine. Askari wa Afrika Mashariki walipelekwa Ethiopia, kisha India na Burma. Miongoni mwao walikuwamo vijana wa Uganda na Kenya waliopewa kazi ya kuwaburudisha wenzao kwa muziki. Baada ya vita, baadhi yao waliunda bendi iliyojulikana kwa jina la Rhino. Ilikaa kwanza Kampala, kisha ikahamia Mombasa, na mwaka 1948 ikagawanyika. Waliotoka humo walikwenda kuanzisha bendi nyingine. Basi mojawapo ya bendi za kwanza za dansi katika Afrika Mashariki ilikuwa bendi ya askari waliorudi vitani.

Gitaa kutoka magharibi

Wakati huo gitaa lilikuwa njiani kutoka Kongo. Wana wa Kongo walikuwa wakisikiliza santuri kutoka Kuba, kisiwa ambacho watumwa wengi wa Kiafrika walipelekwa zamani. Waliposikia mapigo yale waliyatambua kuwa ni ya mababu zao, wakayapokea kama mtu ampokeavyo ndugu aliyepotea. Joseph Kabasele aliunda bendi ya African Jazz mwaka 1953, na mwaka 1956 ikaanza O.K. Jazz, ambayo jina la Franco halitenganiki nayo. Mwezi Desemba mwaka 2021, Shirika la UNESCO liliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu.

Kutoka Katanga alitokea Jean-Bosco Mwenda, aliyelipiga gitaa kwa vidole na kuimba kwa Kiswahili. Mtafiti Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na sauti yake ikasafiri mbali. Kwake yeye, Kiswahili kilikuwa lugha ya mapenzi, ya kazi na ya masikitiko ya kawaida ya mtu wa mjini.

Uganda haikukaa kimya. Mwaka 1954 redio ya serikali ilianza kutangaza kutoka Kampala, na mwimbaji wa mtaani akapata njia ya kusikika vijijini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elly Wamala alirekodi wimbo wake Nabutono kwa Kiganda, na watu wakaona kwamba gitaa la kigeni laweza kusema lugha ya nyumbani. Katika Buganda ukakua mtindo wa kadongo kamu, maana yake gitaa dogo moja pekee. Mtu mmoja hukaa na gitaa lake, akasimulia kisa kirefu cha ndoa, cha deni, cha mirathi au cha kifo, na ndani yake mna mafunzo. Christopher Sebadduka ahesabiwa kuwa baba wa mtindo huo, na baadaye wakaja kina Herman Basudde na Paulo Kafeero, ambaye wimbo wake Walumbe Zaaya, unaohusu kifo, haujasahaulika.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ilisifika Cranes Band. Kutokana na bendi hiyo ilizaliwa Afrigo mwaka 1975, na mmoja wa viongozi wake ni Moses Matovu, mpiga saksafoni. Mwaka 2025 ulitimia mwaka wa 50 tangu Afrigo iundwe. Ni bendi chache barani zilizofikia umri huo. Wanawake nao walipata nafasi ndani yake, kama Joanita Kawalya, na Rachael Magoola ambaye wimbo wake Obangaina, kwa Kisoga, ulichezwa nchi nzima. Mwaka 2021 Magoola aliingia Bungeni.

Miaka ya hofu

Haifai kusimulia mambo haya kana kwamba njia ilikuwa tambarare. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa nchini, na biashara nyingi za mjini zikavurugika. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo lingeweza kuwa la heri, lakini lilikuja katika siku ambazo raia alikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki. Jeraha hilo lilikaa miaka mingi. Mzazi aliyekatazwa kupita kwa Kiswahili hakuwa na hamu ya kumfundisha mwanawe lugha hiyo.

Hata hivyo, ndani ya kambi hizo hizo muziki uliendelea. Baadhi ya vikosi vilikuwa na bendi zao za dansi, na mojawapo iliyojulikana ni Suicide Revolutionary Jazz Band, iliyochukua jina la kikosi cha Masaka. Wanamuziki kutoka Kongo nao walipiga Kampala, kisha wakaendelea na safari. Mzee Makassy alihamia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1970. Samba Mapangala, aliyekuwa Kampala na kundi la Les Kinois, alikwenda Nairobi mwaka 1977, na huko baadaye akaunda Orchestra Virunga, ambayo nyimbo zake za Kiswahili zilipendwa katika eneo zima. Kilichopotea Kampala kilichipua kwa majirani.

Jamaa za polisi hawana budi kukijua kisa cha Geoffrey Oryema. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa Mwafrika wa kwanza kushika cheo cha Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda, na baadaye akawa waziri. Nyumbani, mzee huyo alikuwa pia mpiga nanga, zeze la Waacholi, na ndiye aliyemfundisha mwanawe. Mwezi Februari mwaka 1977 aliuawa, siku moja na Askofu Mkuu Janani Luwum na Waziri Charles Oboth-Ofumbi. Mwanawe alivushwa mpaka wa Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari, kisha akaenda Ufaransa. Mwaka 1990 alitoa albamu aliyoiita Exile, maana yake uhamisho. Aliimba kwa Kiacholi na kwa Kiswahili. Geoffrey alifariki mwaka 2018.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Mtoto wa afisa wa polisi, aliyenyang'anywa baba na nchi, hakukichukia Kiswahili. Alikichukua kwenda nacho ughaibuni, akakiimbia pamoja na lugha ya mama.

Wimbo uliosema ukweli

Mwingine aliyeondoka nchini ni Philly Bongoley Lutaaya. Alipiga muziki Kenya, kisha akaishi Sweden, na huko akatoa albamu ya Born in Africa. Wakati huo maradhi ya Ukimwi yalikuwa yakitufyeka, wala hayakuliacha jeshi. Mwaka 1986 maafisa 60 walipelekwa Kuba kwa mafunzo, na walipopimwa, 18 walionekana wana virusi. Fidel Castro mwenyewe alimwarifu Rais Museveni. Lakini majumbani watu walinong'ona tu, na mgonjwa alifichwa kama aliyetenda jinai.

Mwaka 1989 Lutaaya alijitokeza hadharani akasema kwamba anao ugonjwa huo. Alikuwa mtu wa kwanza mashuhuri nchini kufanya hivyo. Baadhi ya watu hawakumsadiki, wakadhani anatafuta umaarufu. Yeye alizunguka shuleni na makanisani, akazungumza na kuimba huku mwili wake ukidhoofika, akafariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo. Baada yake ilikuwa rahisi kidogo kwa mke kumwuliza mumewe, na kwa askari kumwendea mganga wa kikosi. Hapo ndipo tuonapo kwamba muziki si anasa ya siku ya mshahara tu.

Midundo mipya

Redio za watu binafsi zilianza mwaka 1993, na nyimbo zikatafuta masikio mapya. Kaskazini, vita vilipozifanya jamaa nyingi kuwa maskini, harusi ya Kiacholi iliyohitaji kundi kamili la wapiga vyombo ilikuwa ghali mno. Vijana wa Gulu, kama Otim Alpha, wakachukua mapigo ya larakaraka, ngoma ya uchumba, wakayatengeneza kwa kompyuta. Mtu mmoja akafanya kazi ya kundi zima. Leo midundo hiyo, iliyozaliwa kwa sababu ya ufukara, huchezwa katika matamasha ya Ulaya.

Kusini, Jose Chameleone alianzia Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1990, akarudi na nyimbo zenye Kiswahili, na vijana wa Kampala wakaziimba bila hofu waliyokuwa nayo wazazi wao. Juliana Kanyomozi akaimba kwa Kiswahili pamoja na Bushoke wa Tanzania. Eddy Kenzo aliujulisha ulimwengu kwa Sitya Loss mwaka 2014, na mwezi Novemba mwaka 2022 akawa mwanamuziki wa kwanza wa Uganda kuteuliwa kugombea tuzo ya Grammy. Mwaka huo huo wa 2022, mwezi Julai, Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sheria hufungua mlango, lakini nyimbo zilikuwa zimeshaingia ndani zamani na kuketi.

Wajibu wetu nyumbani

Sasa lipo jambo linalotuhusu sisi wenyewe. Kati ya mwaka 1948 na 1957, Klaus Wachsmann, mtunzaji wa Jumba la Makumbusho la Uganda, alizunguka nchini akirekodi ngoma, nanga na zomari. Kanda hizo zilihifadhiwa Uingereza, na kwa juhudi za wanazuoni wetu nakala zimerudi Chuo Kikuu cha Makerere. Mgeni alitutunzia sauti za babu zetu. Je, sauti za baba zetu zimetunzwa na nani?

Katika kota nyingi za askari wapo wastaafu waliopiga tarumbeta, klarineti au gitaa katika bendi za vikosi, polisi na magereza. Majina yao hayakuandikwa juu ya santuri yoyote. Wakiondoka, wataondoka na habari zao. Kwa hiyo, ikiwa nyumbani mna mzee wa namna hiyo, mwombe kijana mwenye simu amrekodi akisimulia: alifundishwa na nani, mwaka gani, walipiga nyimbo gani na kwa lugha gani. Picha za bendi ziandikwe majina kwa nyuma, kwa penseli. Kanda za zamani zisiwekwe juani wala mahali penye unyevu, tena zisimamishwe wima, mbali na spika za redio, kwa kuwa sumaku yake huzifuta. Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji alasiri moja ya Jumapili, na uvumilivu wa kumsikiliza mtu mzima asimulie kwa mwendo wake.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Vijana na wacheze midundo mipya, kwani nayo ni mali yetu. Lakini tarehe 9 Oktoba ijayo, bendi itakapopita na mtoto akakuuliza wale ni akina nani, usimjibu kwamba ni askari tu. Mwambie kwamba wao na waliowatangulia ndio walioleta nyumbani ule wimbo aliokuwa akiucheza jana usiku.