Basket na masomo Marekani: kwa nini kijana wa Luhwindja haonekani, na nini iko mkononi mwake

Kila mara jina la Mkongomani linasikika katika NBA, vijana wa Bukavu, Walungu na Mwenga wanauliza: na sisi wa huku, nani anakuja kutuangalia? Swali ni la haki. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwaka 2021 timu ya Golden State Warriors ilimchagua katika nafasi ya 7, na mwaka 2022 alikuwa katika timu iliyochukua ubingwa. Mtoto wa Kivu, sawa vile watoto wa Luhwindja.

Lakini njia ya Kuminga haikupitia kwenye shule ya sekondari ya huku. Ni vizuri wazazi na vijana waelewe jambo hilo mapema, kabla ya kutoa pesa ao kuacha masomo juu ya ndoto ya basket.

Wale waliofika walipita wapi?

Kuminga aliondoka Congo mwaka 2016, akiwa bado hajafikisha miaka 14. Alisoma sekondari huko huko Marekani, katika shule tatu mbalimbali, na ndipo makocha wakubwa walipomuona. Tena hakwenda peke yake bila kujua mtu: ndugu yake Joel Ntambwe naye alicheza basket ya chuo kikuu huko.

Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, alionwa na kocha Mreno Mário Palma huko Yemen, akiwa na miaka 16. Toka pale alienda Hispania, kisha NBA mwaka 2011, naye katika nafasi ya 7. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, aliingia Marekani akiwa mtoto, familia yake ikikimbia vita. Mwaka 2015 naye alichaguliwa wa 7. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi alimalizia sekondari Marekani, akaingia chuo kikuu cha West Virginia, kisha Kentucky, na mwaka 2022 alitajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya nchi yote.

Tazama vizuri: kati ya hao wanne, hakuna aliyetolewa katika darasa la humanité la hapa Congo na kupelekwa moja kwa moja katika timu ya chuo kikuu. Makocha wa Marekani wanachukua Waafrika walio tayari karibu nao, katika shule zao za sekondari, ao wanaoonekana katika mashindano ya kimataifa na kambi za mazoezi.

Yule aliyetoka Congo moja kwa moja mpaka chuo kikuu ni Dikembe Mutombo. Na hapo ndipo kuna somo kubwa. Mwaka 1987 alifika Georgetown na bourse ya masomo ya shirika la USAID, akitaka kuwa daktari. Kingereza chake kilikuwa kidogo sana. Kocha John Thompson alimuona akiwa tayari ndani ya chuo, kijana wa mita 2 na sentimita 18, akamuita katika timu. Basi karatasi za shule ndizo zilimfungulia Mutombo mlango, na mpira ukafuata nyuma. Alimaliza mwaka 1991 na shahada za lugha na diplomasia, akacheza NBA misimu 18, akajenga hospitali Kinshasa yenye jina la mama yake. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Kwa nini hawafiki huku?

Msaka vipaji anafuata barabara, uwanja na mashindano. Anaenda fasi moja ambako ataona wachezaji 50 ao 100 kwa siku mbili. Ndiyo sababu NBA ilifungua akademia yake ya Afrika nchini Senegal mwaka 2017, na ligi ya BAL ilianza Kigali mwaka 2021. Goma ina Promo Jeune Basket, ambayo kwa miaka mingi inafundisha watoto. Bukavu ina viwanja vya shule na timu zake. Luhwindja, juu milimani, inajulikana kwa dhahabu ya Twangiza kuliko mpira, na mpira wenyewe mara nyingi ni wa miguu.

Kisha kuna vita. Mwaka 2025 Goma ilianguka mwezi wa kwanza, Bukavu mwezi wa pili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Mgeni aliyekuwa anafikiria kuja kuangalia watoto wa Kivu amebadilisha safari. Kwa hiyo kijana asipoonwa, si lazima maana yake hana kipaji. Mara nyingi maana yake ni kwamba hakuna aliyepita.

Nafasi zenyewe ni ngapi?

Michezo ya vyuo vikuu Marekani inasimamiwa zaidi na chama kinachoitwa NCAA. Daraja lake la kwanza lina vyuo zaidi ya 350. Toka mwaka 2025, chuo kilichoingia katika utaratibu mpya wa malipo hakiruhusiwi kupita wachezaji 15 wa basket katika timu. Piga hesabu: ni kama nafasi elfu tano na kitu kwa wanaume, na kila mwaka nyingi zimekwisha kushikwa na walio ndani.

Tena mambo yamebadilika. Toka mwaka 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa mwaka mzima nje ya uwanja. Makocha wengi wanapenda kuchukua mwenye miaka 21 aliyezoea kuliko kijana aliyetoka sekondari leo. Hata vijana Wamarekani wa miji midogo wanalia kwamba makocha hawawaangalii tena. Kijana wa Mwenga anasimama nyuma ya mstari huo huo, mbali zaidi.

Lakini daraja la kwanza haliko peke yake. Kuna daraja la pili, kuna chama cha NAIA chenye vyuo vidogo, na kuna vyuo vya miaka miwili, ambako mchezaji anaweza kuanza kisha kuhamia chuo kikubwa. Daraja la tatu la NCAA halitoi bourse ya michezo hata moja. Huko msaada unatoka kwa masomo ao kwa hali ya familia.

Mlango wa kwanza ni buletini

Hapa ndipo vijana wengi wanapotea bila kujua. Kwa daraja la kwanza, NCAA inataka masomo 16 ya msingi: lugha, hesabu, sayansi, historia, jografia na mengine ya namna hiyo. Wastani usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo chao cha 4. Kwa daraja la pili ni 2.2. 

Wanahesabu miaka minne ya mwisho ya sekondari, ile ambayo kwetu ni humanité. Maana yake, buletini ya mtoto wa miaka 14 ao 15, ambayo mama aliitupa chini ya kitanda, iko tayari ndani ya hesabu. Na kwa daraja la kwanza saa inatembea: anayerudilia darasa ao kukaa nyumbani miaka miwili anaweza kumaliza vizuri, lakini yale aliyosoma nyuma ya wakati hayahesabiwi yote.

Kwa Luhwindja jambo hilo lina uzito wake. Kampuni ya Banro ilianza kutoa dhahabu Twangiza mwaka 2011, lakini watu walichimba kwa mikono kabla yake na wanaendelea. Mvulana mrefu, mwenye nguvu, ndiye wa kwanza kuitwa kwenye shimo. Akiacha darasa la pili la humanité juu ya dhahabu, amefunga mlango wa chuo kabla kocha yeyote hajajua jina lake. Hata akirudi kucheza vizuri kuliko wote, buletini hazitakuwepo.

NCAA iliacha kudai mitihani ya SAT na ACT toka mwaka 2023. Lakini chuo chenyewe kinaweza kuidai, na karibu kila chuo kinataka mtihani wa Kingereza. Mwenye diplôme d'État na Kifaransa peke yake bado ana safari.

Karatasi nyingine

Umri wa mchezaji Mwafrika unatiliwa mashaka mara nyingi. Biyombo mwenyewe, mwaka 2011, watu walisema ana miaka mingi kuliko ile aliyotaja. Dawa ya maneno hayo ni cheti cha kuzaliwa. Sheria ya Congo inataka mtoto aandikishwe état civil ndani ya siku 90. Zikipita, kunahitajika hukumu ya mahakama, yenye kazi na gharama yake. Mzazi ambaye mtoto wake hana cheti aanze sasa, hata kama mtoto hatacheza basket maisha yake yote.

Viza ya mwanafunzi inaombwa ubalozi wa Marekani, Kinshasa. Chuo kwanza kinatoa karatasi inayoitwa I-20. Mwaka 2025 ada ya viza ilikuwa dola 185, na ada ya kuandikishwa kama mwanafunzi mgeni dola 350, bila kuhesabu pasipoti na ndege. Na mwenye viza hiyo ana mipaka ya kufanya kazi. Tshiebwe, pamoja na sifa zake zote, hakuweza kupata pesa za matangazo sawa vile wenzake Wamarekani. Timu yake iliposafiri Bahamas mwaka 2022, ndipo alifanya kazi hiyo nje ya Marekani.

Wanaouza ndoto

Fasi yenye tamaa kubwa na habari kidogo, wadanganyifu wanafika mbele ya makocha. Mtu anaandika kwenye WhatsApp: tuma dola 300, nimekupatia chuo. Mwaka 2018, huko Charlotte, North Carolina, mkurugenzi wa shule moja alikubali kosa mbele ya mahakama. Alikuwa anapokea pesa na kutoa karatasi za uongo kwa makumi ya wanafunzi wageni, wengi wao wachezaji wa basket. Shule iliandikisha majina. Watoto wenyewe walikuwa kwingine.

Alama za kuangalia ni hizi. Kocha wa kweli wa chuo haombi mchezaji pesa ili ampe bourse. Anaandika kwa anwani ya chuo, si kwa simu peke yake. I-20 inatoka chuoni. Kujiandikisha kwa NCAA kunafanyika katika ofisi yao wenyewe kwa intaneti. Ukurasa wa kwanza ni wa bure, na akaunti kamili ya mwanafunzi wa kigeni inapita dola 150, inayolipwa kwao, si kwa mtu wa katikati. Na anayeomba mtoto aondoke bila wazazi kujua anaenda kukaa kwa nani, huyo arudishwe mlangoni.

Na wasichana?

Wengi wanasahau kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1972 inalazimisha vyuo vinavyopokea pesa za serikali kutoa nafasi za haki kwa wanawake, na michezo iko ndani. Nafasi za basket za wasichana ziko nyingi sawa na za wavulana. Mwadi Mabika wa Kinshasa alicheza Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na timu ya Zaire, mwaka uliofuata akaingia WNBA, na akachukua ubingwa mara mbili na Los Angeles Sparks, mwaka 2001 na 2002. Msichana mrefu wa Luhwindja anayeachishwa shule mapema ana mlango huo huo unaomfungikia.

Nini iko mkononi

Barabara, amani na viwanja haviko mkononi mwa mtoto. Lakini kuna mambo ambayo shule na familia zinaweza kufanya bila kungoja mtu wa Kinshasa.

Prefe wa shule atunze buletini za kila mwaka, na familia ishike kopi yake, hata picha ya simu iliyotumwa kwa ndugu Bukavu. Wakati wa vita karatasi zinaungua. Mwalimu wa michezo achukue video ya mechi nzima, namba ya mchezaji ikionekana, si mabao matano peke yake. Kocha anataka kuona pia anafanya nini akipoteza mpira. Shule za Luhwindja, Burhinyi na Kaziba zikikutana katika mashindano, kocha wa Bukavu anaweza kuitwa siku moja. Na huyo wa Bukavu ndiye anajua mwingine wa Goma, Bujumbura ao Kigali. Mstari wa watu ndio unafika mbali.

Kisha mpango wa pili uwepo toka mwanzo. Vyuo vya Uganda na Kenya vina timu, na diplôme d'État inatumika hata kwa asiyeweza kutupa mpira. Wachezaji wengi hawatafika Marekani. Lakini aliyeshika buletini zake, cheti chake na Kingereza kidogo, siku mpira ukikataa, bado ana kitu cha kuonyesha.